Nguo za Nyumba

Kwi-kwi. Kwi-kwi. Alfajiri ilikuwa haijapambazuka, na tayari gurudumu la kitoroli cha dobi lilikuwa likilia kwenye korido ya nyumba ya wazee. Bi Cherehani alilisikia akiwa macho, maana mtu akifika umri wake halali tena, anafumba macho tu kuwaridhisha wenzake.

Kitoroli kikasimama mlangoni pake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Mgongo je?"

"Mgongo upo, bibi, haujaenda popote." Dobi akacheka kidogo, akamwekea gauni kitandani. "Leo nimekutafutia la mikono mirefu. Kuna kibaridi."

Bi Cherehani akalishika. Lilikuwa la kahawia, pana kama hema, kifungo cha juu hakipo, na halikuwa lake. Lakini lilikuwa na joto. Alijua kwa nini. Dobi huacha nguo ya bibi iwe ya mwisho kupigwa pasi ili imfikie ikiwa bado na uvuguvugu, kwa sababu alisikia siku moja kwamba nyonga yake iliyovunjika humuuma asubuhi. Dobi mwenyewe hakuwahi kulitaja jambo hilo. Alileta lile joto kila siku, pamoja na nguo ya mtu mwingine.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Ukiingia katika nyumba ile, nguo zako huingia stoo, zikachanganywa na za wenzako, zikafuliwa pamoja, na kila alfajiri mtu akapewa ya kumtosha, au ya kukaribia kumtosha. Ziliitwa nguo za nyumba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Dobi alikuwa mmoja, wazee walikuwa wengi, na mashine ya kufulia haijui shati la nani ni la nani. Mgeni akipiga simu kwamba anakuja, wahudumu walihangaika kuitafuta nguo ya mzee mwenyewe, wakamvika, wakampaka mafuta, na mgeni akakuta mambo ni shwari. Mgeni akiondoka, nguo nayo huondoka.

Bi Cherehani alikuwa amewashonea watu maisha yake yote: maharusi, mahakimu, watoto wa shule, hata marehemu. Katika mtaa wake watu walisema kwamba mtu akipita kwa Bi Cherehani hutoka amenyooka mgongo hata kama aliingia na kibiongo. Sasa yeye mwenyewe alikuwa akiamka bila kujua leo atakuwa nani.

"Haya, mtazameni bibi harusi wa kahawia!" Sauti ile ilimpokea kwenye ukumbi wa chakula. Ilikuwa ya Mzee Reli, aliyeendesha treni mpaka akastaafu. Utani wake ndio haukustaafu. Suruali yake siku hiyo iliishia katikati ya miundi.

"Wewe nyamaza," Bi Cherehani akamjibu huku akiketi polepole. "Suruali yako imeogopa viatu."

"Haijaogopa. Imeshuka kituo cha kabla."

Meza nzima ikacheka. Mzee Reli akamsogezea kikombe cha chai, akakigeuza ili mkono wa kikombe uwe upande wa mkono wake wenye nguvu. Kisha akainama na kusema kwa sauti ya chini.

"Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Binti yako umeshamwambia?"

"Nimwambie nini? Ana kazi zake."

"Mficha uchi hazai."

"Nilishazaa, mzee. Mmoja, na ananitosha."

Binti huyo alikuwa afisa katika idara ya serikali inayosimamia nyumba za wazee. Wakati huo alikuwa anaandika mwongozo mpya wa nyumba hizo zote, na hakuna mtu katika korido ile, awe mwenye masikio au asiyesikia, ambaye hakuwa ameelezwa na Bi Cherehani habari za mwongozo huo. Ndiyo sababu hakusema. Angalalamikaje juu ya gauni wakati mtoto wake anahangaika na mambo ya nchi nzima? Tena binti yule alilia sana siku alipomleta pale. Mama hakutaka kumtoa machozi mengine.

* * *

Binti alikuja siku ambayo si ya wageni, bila kupiga simu.

Ilikuwa saa ya kupumzika baada ya chakula cha mchana. Bi Cherehani alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, karibu na mlango wa sebule, na mlango ulipofunguliwa ukamficha. Dirishani, akiwa ameupa mlango mgongo, alikaa mwanamke waliyemwita Bi Kimya. Alikuja katika nyumba ile baada ya moto kuteketeza chumba alichokuwa amepanga, akaja na kile alichokuwa amekivaa tu. Hakuwa bubu. Alikuwa amekosa mtu wa kuzungumza naye kwa muda mrefu, basi maneno yakazoea kukaa ndani. Siku hiyo alikuwa amepewa gauni la buluu lenye maua meupe. Lilikuwa gauni la Bi Cherehani, ambalo binti yake alimletea kutoka safarini.

Binti akaingia mbiombio na mkoba begani. Akampita mama yake bila kumwona, akaenda moja kwa moja hadi dirishani, akamkumbatia Bi Kimya kwa nyuma, shavu juu ya kilemba chake.

"Mama! Imepita, mama! Mkurugenzi ameukubali mwongozo wangu!"

Bi Kimya hakushtuka. Aliinua mikono yake taratibu, akaishika ile iliyomzunguka, akafumba macho.

Bi Cherehani alifungua mdomo aite, kisha akaufunga. Aliuona uso wa yule mwanamke kwenye kioo cha dirisha. Akasema moyoni, mwache anywe kwanza, kisima hakitaisha. Akasubiri.

Binti ndiye aliyegundua. Akainama kutazama uso wa mama yake, akakuta uso mwingine.

"Oh! Samahani. Samahani sana, mama, nilidhani..."

"Si neno," akasema Bi Kimya, na wengi waliokuwapo hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yake. Hakuiachia mikono ile mara moja.

"Geuka, mwanangu," Bi Cherehani akaita kutoka nyuma ya mlango. "Wako niko huku."

Binti akageuka. Akamwona mama yake ndani ya hema la kahawia, kola imefungwa kwa pini, kiuno kimekazwa kwa kipande cha uzi. Akamshika mkono mpaka chumbani, akafunga mlango.

"Mama, gauni lako amelivaa yule."

"Nimeona. Limemkaa vizuri mabegani."

"Na hili ni la nani?"

"La nyumba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoingia."

"Lakini Jumapili zote nilizokuja..."

"Jumapili ulikuwa unapiga simu kwanza."

Binti akaketi kitandani. Akafungua mkoba, akatoa karatasi zilizobanwa vizuri, akazipekua, akasoma kwa sauti ndogo: "Nguo za wakazi zitakuwa mali ya pamoja ya nyumba, kwa ajili ya usafi na usawa."

"Maneno mazuri," mama akasema. "Nani kayaandika?"

Binti akainamisha kichwa, na mama akajua.

"Nilitembelea nyumba kadhaa nikakuta ndivyo wanavyofanya, na wakazi wote walikuwa wasafi," binti akasema hatimaye. "Nikawaza wale wasio na kitu. Mtu kama yule bibi wa dirishani uliyenisimulia, amekuja mikono mitupu, anakaa na wenye makabati. Nikasema wakivaa nguo za pamoja, hakuna atakayeona haya. Niliwaza vizuri, mama. Wallahi niliwaza vizuri."

Bi Cherehani akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani nimesomesha mtu kwa cherehani, usiku na mchana, ili aje anivue nguo!"

"Mama, usicheke."

"Nilie? Kilio chako kinatutosha." Akampa leso. "Sikiliza. Mimi fundi mzima nimewahi kukata mikono miwili ya kushoto kwa koti moja. Kila fundi amewahi. Mtu anafanya nini? Anatafuta kitambaa kingine anakata upya, basi. Wewe umekosea kwa moyo mzuri."

"Mwongozo haukatwi upya, mama. Umeshapita kwa mkurugenzi. Wiki ijayo kamati inakuja hapa hapa kusikiliza maoni, kisha unapitishwa kwa nyumba zote. Mimi ndiye nitakayesimama kuusoma." Akapangusa macho. "Nikiipinga kazi yangu mwenyewe mbele ya watu, watasema sijui ninachofanya. Na kile cheo nilichokwambia, cha kuongoza kitengo, ndiyo basi tena."

"Na usiposema?"

Binti akalitazama gauni la kahawia. "Basi kila nyumba itakuwa hivi. Kwa sheria."

Mama alitamani sana kumwambia la kufanya, ulimi ulimwasha. Lakini alimkumbuka yule msichana aliyekuwa akifunga kamba za viatu mwenyewe, akikosea, na akikataa kusaidiwa.

"Sikuambii la kusema," akasema. "Wewe ni mtu mzima. Siku hiyo mimi nitasema langu, na wewe utasema lako. Ila niletee kitambaa."

"Cha rangi gani?"

"Ngoja nikaulize."

Akachukua mkongojo wake, akaburuta nyonga yake mpaka sebuleni, akasimama mbele ya Bi Kimya.

"Bi mkubwa, nikikushonea gauni, utapenda rangi gani?"

Bi Kimya akatazama nyuma yake, kana kwamba swali limekusudiwa mtu mwingine.

"Mimi?"

"Wewe."

Mzee Reli akaacha kusoma gazeti.

"Nyekundu."

"Nyekundu ya kukolea au ya kufifia?"

"Ya kuonekana," akasema Bi Kimya.

* * *

Msimamizi wa nyumba alikuwa mwanamke mwema mwenye mambo mengi kichwani. Bi Cherehani alipomweleza anachotaka, alishika kiuno.

"Bibi yangu, kamati inakuja, mimi nataka nyumba nadhifu, wewe unataka nguo zote zimwagwe juu ya meza za chakula?"

"Nataka siku hiyo kila mtu avae chake. Hata kama ni kwa siku moja."

"Halafu zikishafuliwa zinachanganyika tena."

Dobi alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Alikohoa. "Kuna mifuko ya wavu," akasema. "Kila mtu na mfuko wake, una alama ya rangi. Nguo inafuliwa ikiwa ndani ya mfuko, inatoka ndani ya mfuko, haipotei. Lakini kazi yake ni kubwa, mama. Kufungua, kuanika, kurudisha. Mtu mmoja haiwezi."

Msimamizi akamtazama dobi, kisha akamtazama Bi Cherehani na ile pini ya kwenye kola. Akavua funguo shingoni.

"Fungueni stoo kabla sijabadili nia."

Nguo zilipomwagwa mezani, ukumbi uligeuka soko. Wazee ambao kwa kawaida huchukua muda wa kuchemsha maharage ili kuinuka kitini, siku hiyo waliinuka wenyewe. Kuna aliyelikumbatia shati na kulinusa. Kuna wawili waliogombania sweta moja, kila mmoja akivuta mkono wake, mpaka wakagundua kwamba si la yeyote kati yao, wakaliweka chini kwa aibu, wakacheka. Lilipatikana gauni la mama mmoja aliyefariki msimu wa mvua. Hakuna aliyeligusa. Dobi alilikunja taratibu, akaliweka juu ya kabati, peke yake.

Mzee Reli alikuwa anatafuta koti lake la kazi, lile jeusi lenye vifungo vya shaba. Alilipata likiwa limeshavaliwa. Lilikuwa mwilini mwa mzee mwingine ambaye akili yake ilikuwa ikienda na kurudi, na ambaye maisha yake yote alikuwa seremala. Seremala alikuwa amesimama wima, anapapasa vifungo, anatabasamu.

"Mimi naendesha treni," akamwambia Mzee Reli.

Watu wakageuka kutazama. Bi Cherehani aliuona mkono wa Mzee Reli ukinyooka kuelekea kwenye kola ya koti. Mkono ukafika, ukaigeuza kola vizuri, ukapiga bega mara moja.

"Naona, bwana dereva," akasema Mzee Reli. "Mimi ndiye mtia makaa wako. Tunaondoka saa ngapi?"

Halafu akaenda kutafuta shati la kawaida, na siku ile hakutania mtu tena mpaka jioni.

Gauni la buluu lilirudi kwa Bi Cherehani. Binti alileta kitambaa siku iliyofuata, chekundu kama pilipili iliyoiva. Katika chumba cha dobi kulikuwa na cherehani ya kushonea mashuka yaliyochanika, nzito na yenye kutu, lakini ilikubali mafuta. Mikono ya Bi Cherehani ilikuwa ikitetemeka. Dobi alimtungia uzi, akamzungushia gurudumu pale kidole kilipokataa. Pindo lilienda mrama kidogo upande wa kushoto. Zamani angelifumua. Safari hii alilitazama kwa muda, akasema, "Nenda zako, na wewe una miaka yako," akakata uzi.

* * *

Siku ya kamati, viti vilipangwa ukumbini. Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu mwenye sauti laini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ratiba. Mkurugenzi wa idara aliketi mbele kabisa, amekunja nne.

Wazee wakaingia. Mwenyekiti alikuwa anaandika kitu, akainua macho, akaiacha kalamu. Waliingia mmoja mmoja, wengine kwa mikongojo, wengine wakisukumwa kwa viti vya magurudumu, na kila mmoja alikuwa mtu. Huyu alikuwa mwalimu, ungejua kwa suti yake. Yule alikuwa mpenda maua, kilemba chake kilisema. Seremala alikuwa na vifungo vya shaba vinavyong'aa. Mwisho akaingia Bi Kimya, mwekundu toka mabegani hadi miguuni, hatazami chini.

Binti wa Bi Cherehani akasimama mbele, karatasi mkononi, akaanza kusoma mwongozo. Alisoma habari za chakula, akasoma habari za dawa. Sauti yake ilikuwa safi. Akafika mahali, akanyamaza.

Bi Cherehani akashika mkongojo kwa mikono yote miwili. Hakuwa amemuuliza binti atafanya nini. Simu walizopigiana wiki nzima zilikuwa za habari za uzi na vifungo.

"Endelea, afisa," mwenyekiti akasema.

"Hapa naomba nisisome," binti akasema. "Kifungu kinachofuata kinasema nguo za wazee ziwe za pamoja. Nilikiandika mimi mwenyewe, hakuna aliyenituma. Naomba kiondolewe."

Mkurugenzi akakohoa. Mwenyekiti akapekua karatasi zake. "Lakini hili lilishajadiliwa."

"Tulijadili sisi, ofisini, sote tukiwa tumevaa nguo zetu." Akaiweka karatasi mezani. "Wiki iliyopita nilikuja humu kumwona mama yangu. Nikaliona gauni nililomnunulia, nikalikumbatia. Ndani yake hakuwamo mama yangu. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu, nami nilimpita kama kiti. Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni mtoto wa pekee. Kama mimi sikumwona, mgeni atamwonaje?"

Bi Cherehani akamwinamia Mzee Reli.

"Unamwona yule anayesema?"

"Namwona."

"Ni wangu."

"Tunajua. Umetuambia mpaka kuta zimekariri."

"Siku zote nilikuwa najisifia cheo chake," Bi Cherehani akanong'ona. "Leo najisifia yeye mwenyewe."

"Wazee wetu mnasemaje?" mwenyekiti akauliza.

Bi Cherehani akainuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha.

"Mwenyekiti, sisi tulilelewa tukiambiwa muungwana akivuliwa nguo huchutama. Basi tumechutama. Hatukupiga kelele, tuliona haya. Lakini magoti yetu ni ya zamani, baba. Hayawezi kuchutama kila siku."

Kicheko kikapita ukumbini, kisha kikakatika kama uzi.

"Dobi wetu hana kosa, msimamizi hana kosa. Na mwanangu aliandika akitaka asiye nacho asione haya. Hilo nalitetea. Lakini nikikuvua kanzu yako nimpe jirani, na wewe ukivua kanzu yako mwenyewe ukampa jirani, jirani amevaa kanzu ile ile, ila mambo ni mawili tofauti. Mtuachie tupeane wenyewe. Bado tunaweza kupeana."

Akaketi. Mwenyekiti akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye wekundu.

"Na wewe, mama? Samahani kwa kuuliza. Naambiwa ulifika huna kitu. Zile nguo za pamoja hazikukufaa?"

Bi Kimya aliitazama mikono yake.

"Zilinifaa," akasema. "Nilivaa, sikupata baridi. Nashukuru." Akalainisha gauni magotini. "Lakini huyu aliniuliza rangi. Andikeni hivyo. Watu waulizwe."

Mwenyekiti akaandika. Kisha akamwita dobi, akamtaka aeleze kazi yake hufanyikaje, na dobi akaeleza habari za mifuko ya wavu, za kuanika, na za mgongo wake. Wanakamati wakaenda chumba cha pili kuteta. Waliporudi, mwenyekiti akampa binti kalamu yake mwenyewe.

"Andika wewe," akasema. "Unajua la kusema kuliko sisi."

Binti akainamia meza ya chakula, akaandika, akafuta, akaandika tena, akasoma: kila mkazi ana nguo zake, wala hazitachanganywa, kila asubuhi ataulizwa anataka kuvaa ipi, na asiye nazo atapatiwa za kwake, kwa kipimo chake na kwa rangi aitakayo mwenyewe. Mikono ikainuliwa. Kifungu kikapita, kwa nyumba zote. Mifuko ingenunuliwa. Dobi wa pili angesubiri bajeti.

"Bajeti ni treni ya mizigo," Mzee Reli akamwambia dobi. "Hufika, ila usiisubiri ukiwa umesimama."

"Nitaisubiri nikiwa nafua," dobi akajibu, lakini alikuwa anacheka, na msimamizi alimwambia kwamba kuanzia kesho wahudumu wawili watashuka kumsaidia kuanika, bajeti itake isitake.

Kamati ikaondoka. Mkurugenzi alipita mbele ya binti bila kumuaga, akaingia kwenye gari. Binti alibaki mlangoni mpaka vumbi likatua.

"Cheo kimeondoka na gari lile, mama."

"Labda."

"Hujahuzunika?"

Bi Cherehani alikuwa amevaa gauni lake la buluu. Akaunyoosha mkono, akaitengeneza kola ya binti yake, akaitazama, akaitengeneza tena ingawa ilikuwa imeshakaa sawa.

"Nimeshonea mahakimu," akasema. "Wengi wao nguo ndiyo iliyokuwa ikiwabeba. Leo nimekuona ukisimama pale mbele, sikutazama hata umevaa nini."

Binti akacheka huku anapangusa macho, akaenda kuwasaidia wahudumu kukunja viti. Alikuwa amebeba viwili alipohisi ameshikwa kiwiko. Alikuwa Bi Kimya, amesimama wima katika wekundu wake.

"Utakuja lini tena?"

"Jumapili, mama, nikijaliwa. Nitakuja kumwona mama yangu."

Bi Kimya akatikisa kichwa.

"Jumapili njoo uniangalie mimi," akasema. "Nitakuwekea kiti dirishani. Mama yako akitaka, naye atakaa nasi."